Habari Isiyokuwa na Picha

Waswahili husema kuwa habari ya uwongo ina ncha saba. Methali hiyo imerudiwa mno tangu intaneti ilipoingia katika simu za rununu, na hakuna kongamano la maadili ya uanahabari ambalo huisha bila mtu kuitaja, kana kwamba uwongo ndio maradhi ya pekee yanayoweza kuikumba habari. Methali yenyewe haisemi lolote kuhusu habari ya kweli iliyochelewa kufika, wala ile ya kweli iliyofika mapema ikiwa imembeba mtoto wa watu bila ridhaa yake. Kwa wakazi wa Changamwe, hasa wa upande wa Mikindani, aina hizo mbili ndizo zilizowachoma zaidi.

Changamwe si mahali penye uhaba wa habari. Anayevuka Makupa kutoka kisiwani hupokewa na makontena, malori yaliyopanga foleni na matangi ya mafuta. Hapo ndipo kilipo kinu kilichosafisha mafuta ghafi tangu mwaka 1963 hadi kiliposita mwaka 2013. Mbele kidogo upo uwanja wa ndege wa kimataifa wa Moi, na juu zaidi, Miritini, kituo cha reli ya kisasa kilichofunguliwa mwaka 2017. Sehemu kubwa ya shehena inayoingia Kenya kwa njia ya bahari hupita katika barabara hizi. Kwa sababu hiyo jina la Changamwe limeonekana magazetini miaka yote, ila aghalabu katika kurasa za biashara. Wanaoishi nyuma ya kuta za bohari walitajwa palipozuka moto, palipobomolewa vibanda, au uchaguzi ulipokaribia.

Hali hiyo haikuanza na mtandao. Msomaji wa historia atakumbuka kuwa ni Mombasa ambako A. M. Jeevanjee alianzisha gazeti la African Standard mwaka 1902, na kwamba mwaka 1910 gazeti hilo, likiwa limekwisha kubadilisha jina na wamiliki, lilihamishiwa Nairobi. Mtambo wa kuchapia ulipohama, kiti cha mhariri mkuu nacho kilihama. Katika miaka ya thelathini Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alichapisha Sahifa (1930) na kisha Al-Islah (1932) papo hapo Mombasa. Mtu anaweza kukubaliana na hoja za Sheikh au kuzikataa, lakini jambo moja halina ubishi: aliyekasirishwa na alichokisoma alijua ni msikiti gani wa kwenda kumtafuta mwandishi baada ya swala. Uwajibikaji wa namna hiyo haukuhitaji baraza wala kanuni za maandishi.

Gazeti la Nairobi halina msikiti wa kutafutiwa. Lina mwandishi wa mashinani, yaani kijana aliyeajiriwa bila kuajiriwa, ambaye hulipwa kwa kila habari inayochapishwa na hapati kitu kwa isiyochapishwa. Nauli ni yake, muda wa simu ni wake, hatari ni yake. Wanaozungumzia bahasha wanazopewa waandishi baada ya mikutano ya wanasiasa (na ni kweli hupewa, wala si siri) wangezungumza kwa haki zaidi kama wangeanza na hesabu hii. Ajali ya lori pale mzungukoni huandikwa kwa saa moja na hulipwa. Habari inayodai ziara kumi, vipimo vya damu, na mtaalamu wa kuvifasiri hulipwa kiasi hicho hicho, iwapo italipwa. Mhariri hana haja ya kumkataza kijana huyo kuifuatilia habari ndefu. Njaa humkataza kabla yake.

Hivyo ndivyo habari kubwa kuliko zote zilizowahi kutokea upande huu ilivyopita miaka bila kuonekana.

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ukutani mwa kijiji cha Owino Uhuru, huko Mikindani, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya eneo bunge la Changamwe kabla ya Jomvu kukatwa na kuwa eneo bunge lake mwaka 2013. Betri hizo huyeyushwa ili kupata risasi. Moshi ulishuka juu ya mapaa, na maji machafu yakapita katika mitaro ambamo watoto hucheza. Watu walikohoa, wanawake wakaharibikiwa na mimba, kuku wakafa. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo kama afisa wa uhusiano na jamii. Alipoandika kuwa kiwanda kilikuwa kinawadhuru majirani, aliondolewa katika kazi hiyo. Mwanawe mchanga aliugua, akatibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, mpaka alipopimwa risasi katika damu na jibu likapatikana. Mwaka 2012 Omido na baadhi ya wanakijiji walikamatwa katika maandamano na kushtakiwa, na baadaye mahakama ikawaachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Kwa hiyo ni miaka saba. Ndani ya miaka hiyo habari za Owino Uhuru ziliandikwa mara moja moja, na haitakuwa insafu kusema kuwa hakuna mwandishi wa Mombasa aliyejaribu. Ila zilipoandikwa ziliandikwa kama vurugu: wakazi wamefunga barabara, polisi wamefyatua vitoa machozi. Maandamano yana picha. Sumu yenyewe haina. Mtoto aliye na risasi katika damu hutazamika kama mtoto mwingine yeyote. Huchelewa kusema, husahau alichofundishwa jana, huumwa na tumbo, na mambo hayo yote mwalimu wa shule ya mtaani huyaita uzembe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha watoto wa Owino Uhuru na wenzao wa kitongoji cha Bangladesh kilicho karibu, ukapata kuwa wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa takriban mara mbili ya ule wa jirani zao. Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Tofauti kubwa namna hiyo, na kamera ingewekwa mbele ya makundi yote mawili isingeona kitu.

Lugha nayo ilichangia. Katika Kiswahili neno risasi hubeba madini na hubeba kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, na asiyekuwa na uzoefu wa kemia anaposikia kuwa watoto wamepatikana na risasi mwilini hufikiria polisi. Mwandishi wa Kiswahili alilazimika kutumia aya nzima kueleza neno ambalo mwenzake wa Kiingereza hakulazimika kulieleza, na aya nzima ni kitu ghali gazetini. Lipo na jingine, ingawa ni la pembeni: kwa karne kadhaa herufi za kuchapia zilisubiwa kwa risasi iliyochanganywa na madini mengine, na mafundi wa mitambo ya magazeti waliishika kwa vidole mchana kutwa. Fani ya habari ilifahamiana na sumu hii muda mrefu kabla ya kiwanda cha Mikindani.

Kisha mtandao ukaja, nao ulikuja kupitia Mombasa. Mwezi Juni 2009 waya wa TEAMS uliopita chini ya bahari kutoka Fujairah ulifikishwa katika ufuo wa mji huu, na mwezi uliofuata ule wa SEACOM ukaanza kazi. Ulikuwa mwaka ule ule ambao Omido aliandika ripoti yake ndani ya kiwanda. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na kutuma picha chache kwa barua pepe lilikuwa jambo la kungojea. Miaka mitano baadaye mashirika ya haki za binadamu yalikuwa yakionyesha filamu fupi kuhusu Owino Uhuru kwa watu ambao hawangeweza kuiona Mikindani katika ramani. Mwaka 2015 Omido alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na vyombo vya ng'ambo vikambandika jina la Erin Brockovich wa Afrika Mashariki. (Mama wa Mombasa alihitaji kuazima jina la Mmarekani aliyeigizwa katika sinema ili asikike vizuri, naye mwenye jina lake alikuwa ameshasema yote kwa sauti yake.) Wale wanaoulaumu mtandao kwa kila baya wana haki ya kuonyeshwa ukurasa huu. Pasipo intaneti, kijiji hiki kingebaki na magazeti ambayo yalikuwa na miaka saba ya kukisikiliza.

Ila mtandao ulikuwa na masharti yake, na sharti la kwanza lilikuwa picha.

Nguvu ya sharti hilo ilionekana upande wa pili wa kisiwa, Likoni, jioni ya Jumapili tarehe 29 Septemba 2019. Gari liliteleza kutoka katika feri ya MV Harambee na kuzama likiwa na mama na binti yake wa miaka minne. Abiria mmoja alikuwa na simu mkononi. Video yake ilienea katika simu za watu upesi kuliko taarifa yoyote rasmi, ikarudiwa katika runinga, ikatumwa kutoka kundi hadi kundi. Kwa siku 13, mpaka gari lilipoopolewa tarehe 11 Oktoba, nchi nzima iliangalia kivuko cha Likoni. Bila shaka kulikuwa na faida. Watu waliona kwa macho yao, wakauliza kwa nini uokoaji ulikuwa unasuasua, na hakuna afisa aliyeweza kudai kuwa tukio lilikuwa vinginevyo. Lakini pia kulikuwa na familia iliyokaa ufukweni siku zote hizo, ikijua kuwa kila mtu aliyepita nyuma yao alikuwa amekwisha kuitazama saa ya mwisho ya jamaa zao, pengine zaidi ya mara moja, pengine akila.

Aliyechukua video ile hakuwa mwandishi wa habari na hakuna kanuni iliyomfunga. Kanuni ziliwafunga walioirudia. Kanuni za maadili zilizoambatishwa na Sheria ya Baraza la Habari ya mwaka 2013 zilizungumzia waziwazi huzuni na mshtuko wa wafiwa, na kumtaka mwandishi aende kwa upole na busara. Hoja ya vyumba vya habari siku zile ilikuwa nyepesi: kila mtu ameshaiona, kwa hiyo kuionyesha hakuongezi dhara. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyosikika. Maiti iliyofunuliwa na upepo haimpi mpita njia ruhusa ya kuondoa sanda iliyobaki. Na kama chombo cha habari hakiwezi kufanya zaidi ya kurudia yaliyokwisha kuonwa na kila mtu, ni vigumu kueleza kwa nini msomaji akilipie.

Kwa mintarafu ya sheria, Bunge lilielekeza nguvu zake kwenye zile ncha saba. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa anayechapisha habari za uwongo. Mwezi Mei mwaka huo Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26 vya sheria hiyo kwa muda, Februari 2020 ikaamua kuwa ni halali, na mabishano yakaendelea katika miaka iliyofuata. Katika mabishano hayo yote hakuna aliyeuliza kuhusu picha ya kweli ya mtoto wa kweli mgonjwa, iliyopigwa kwa nia njema.

Yupo mwandishi mmoja, mzaliwa wa Chaani, ambaye huwasimulia vijana wanaokuja kwake kufanya mazoezi ya kazi kisa cha mwaka mmoja baada ya kiwanda kufungwa. Alikuwa ametumwa Owino Uhuru kwa maagizo ya simu kwamba akirudi bila picha ya mtoto, habari haitatoka. Alimkuta mama mmoja akianika nguo na mwanawe wa kiume ameketi kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watoka gazeti gani?"

Alimtajia. Mama alimaliza kuanika nguo iliyokuwa mkononi, kisha akamwambia kwamba yeye alikuwa wa sita. Wa kwanza alisema picha italeta dawa. Wa pili akasema italeta wakili. Mzungu mmoja alisema italeta ulimwengu.

"Na yako wewe, baba, italeta nini?"

Kijana alifikiria nauli aliyotumia, akafikiria maagizo ya simu, akasema, "Yangu, mama, sijui."

Mama alimtazama kwa muda. "Basi piga mikono yake," akasema. "Uso mwachie mwenyewe."

Alipiga mikono. Ilikuwa mikono ya kawaida ya mtoto, yenye vumbi kidogo katika kucha, na ndiyo iliyokuwa shida yake: haikuonyesha kitu. Gazeti lilitoa aya nne bila picha. Tovuti ya gazeti hilo, ambayo haiwezi kupandisha habari bila picha, iliziweka aya hizo hizo chini ya uso wa mtoto mwingine uliotolewa katika hifadhi ya picha, mtoto ambaye hata Mombasa hakuwa wa Mombasa. Mwandishi alipopiga simu kulalamika aliambiwa kuwa hiyo ni picha ya kielelezo tu. Wanafunzi husikia kisa hicho na kucheka, kisha humwuliza kama alilipwa. Alilipwa aya nne.

Mtu anaweza kusema kuwa yule mama alikosea. Picha zenye nyuso ndizo zilizowavuta wafadhili, na pasipo wafadhili pasingekuwa na mawakili, na pasipo mawakili pasingekuwa na kesi. Hoja hiyo ina uzito na haipaswi kupuuzwa na wanaokaa mbali na moshi. Wazazi wengi wa Owino Uhuru waliifuata kwa kujua, wakawatoa watoto wao mbele ya kamera, na walistahili heshima kwa uamuzi huo. Kanuni zenyewe zilimtaka mwandishi asimhoji wala kumpiga picha mtoto kuhusu mambo ya maisha yake bila ridhaa ya mzazi au mlezi, isipokuwa pale maslahi ya umma yanapodai. Ridhaa ilitolewa. Lakini ilikuwa ridhaa ya gazeti, na gazeti mzazi alilifahamu: husomwa leo kinyozini Magongo, kesho hufungiwa mahamri, kesho kutwa halipo. Hakuna aliyemweleza kuwa safari hii karatasi haitaoza. Hata aliyeomba ruhusa hakulijua hilo vyema mwaka 2010, naye alikuwa akijifunza chombo kipya huku akikitumia kwa watu.

Mahakama ilifanya tofauti. Kesi ya wakazi iliyowasilishwa mwaka 2016 mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuliwa Julai 2020, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Katika ripoti za sheria, jina la mlalamishi wa kwanza katika hukumu ya 2020 limeandikwa kwa herufi mbili tu. Jaji aliweza kueleza moshi, damu, maji na mauti kwa kurasa nyingi, akatoa uamuzi wa mabilioni, bila ya dunia kuhitaji kuujua uso wa mtu huyo. Ni jambo la kuangaliwa na wanaosema kuwa habari haiaminiki bila sura.

Watoto waliokuwa wakitambaa katika vumbi la Owino Uhuru mwaka 2009 wamefika umri wa kutafuta kazi bandarini, katika bohari, katika malori. Siku hizi msimamizi anayeajiri huandika jina la kijiji katika simu kabla ya kumpa mtu fomu. Filamu na picha zinazojitokeza ni za miaka kumi na zaidi iliyopita: mtoto amepakatwa, daktari anamchoma sindano, maelezo chini yanasema amesumika ubongo. Baadhi ya vyombo vilivyozipandisha vimebadilisha wahariri mara kadhaa. Kijana akitaka kuomba uso wake uondolewe, hana ofisi ya Mombasa ya kuiendea, na barua pepe iliyoandikwa chini ya ukurasa aghalabu haijibiwi na mtu.